Tundu Aliloliziba Godlove

Jua lilikuwa linazama nilipofika mjini kumchukua mwanangu Agness. Nilibeba maziwa ya mama mkwe, ndizi kidogo, na hasira. Mtoto alikuwa anaumwa tangu ahamishiwe chumba kipya cha chini. Anatetemeka baridi, Moshi hii, joto la Februari. Hospitali walimpima malaria, taifodi, kila kitu, wakasema ni mzima. Mzima gani anashindwa kushika kalamu?

Nyumba yenyewe ni ya ukoo wa mume wangu, Wilbert. Agness anakaa pale na bibi yake ili awe karibu na shule. Watalii huipiga picha, sijui wanaona nini. Chini ni mawe ya enzi za Mjerumani. Juu yake Mhindi mmoja wa duka la vitambaa akaongeza ghorofa la matofali na roshani ya mbao. Baadaye baba mkwe akainunua, akakatakata kumbi zake kwa kuta za bloku. Sasa shemeji yangu Godlove anaigeuza loji, na jipsamu zake, na taa za bluu kama za baa. Kila mmoja amefunika kazi ya mwenzake, na Godlove ndiye aliyefunika vibaya kuliko wote.

Kitu kimoja wale wa mwanzo hawakukigusa. Chini ya kila ukuta, usawa wa sakafu, kuna tundu ambalo paka anaweza kupita. Yote yako kwenye mstari mmoja, kutoka upande wa mlima hadi upande wa tambarare. Nilipoolewa niliuliza ni ya nini, nikaambiwa ni ya hewa.

Nilimkuta mama mkwe, Bibi Yuditha, amekaa barazani na blanketi mabegani. Nikamwamkia. Akanishika mkono.

"Mama Agness, usiingie bado. Hii ndiyo saa yao."

"Saa ya nani, mama?"

Akanieleza kwa kunong'ona. Kabla ya nyumba palipita mfongo, mfereji wa zamani ulioshusha maji kutoka mlimani hadi mashamba ya chini. Maji yalikauka hata yeye hajazaliwa. Waliokuwa wanafuatana na maji hawakukauka. Kila aliyejenga aliambiwa aache njia. Mjerumani aliambiwa na vibarua wake, akacheka, halafu akaacha. Mhindi akaacha. Baba mkwe akaacha, naye alikuwa mzee wa kanisa. Wanapita jioni tu, hawana neno na mtu. Ila Godlove ameziba tundu la mwisho, chumbani kwa Agness.

"Wanaingia," alisema. "Hawatoki."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema alisema. Godlove alimjibu kwamba hakuna mgeni anayelala kwenye chumba chenye tundu la panya.

Niliwadharau wote wawili. Mmoja anajua na amekaa barazani, mwingine hajui na ana mafundi.

Ndipo nikamsikia Agness ndani.

"Ndiyo, bibi."

Bibi yake alikuwa mbele yangu. Mdomo ameufunga.

Nikaingia. Korido ilikuwa baridi. Harufu ya udongo uliolowa, na majani ya migomba yaliyooza. Halafu sauti… maji. Si ya bomba. Maji mengi, yanasukumana mahali pembamba, yanatafuta pa kutokea.

Nikafungua mlango.

Sakafu ilikuwa kavu.

Mwanangu alisimama katikati ya vigae vyeupe, sketi ya shule ameikusanya kwa mikono miwili, vile tunavyofanya tukivuka mto. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alinyanyua mguu polepole, kwa taabu, akausogeza, akauweka. Maji yalimtiririka usoni. Matone yakadondoka kidevuni… yakaishia hewani, usawa wa kiuno.

"Mama, usije," alisema taratibu. "Hapa pana kina."

Nikaenda. Baridi ikanishika hadi kiunoni. Kitu laini kikanipita pajani, kama nguo ya mtu anayetembea. Mafundi walikuwa wameacha nyundo dirishani, nikaichukua. Lakini tundu liko chini. Ilibidi nipige magoti. Basi nikavuta pumzi kama mpumbavu, ndani ya chumba kikavu, nikapiga magoti.

Masikio yakaziba.

Huko chini kulikuwa na watu. Wengi. Walisemezana Kichagga ambacho sikukielewa chote, bila haraka, kama walio kwenye foleni.

Nikapiga. Kigae kikapasuka. Godlove akatokea mlangoni.

"Shemeji, hivyo vigae vimetoka Dar."

Sikumjibu. Nilikuwa nimebana pumzi. Akatia mguu mmoja ndani anizuie… akaurudisha. Hakutaja vigae tena.

Nikapiga, nikapiga. Saruji yake ilikuwa mbovu kama kazi zake zote. Ikabomoka. Kitu kikaanza kupita ubavuni mwangu kuelekea kwenye tundu. Kikapita, kikapita. Pazia likavutwa chini hadi likang'oka. Halafu kimya. Agness akaanguka, nikamdaka.

Nilimwacha Godlove anaangalia mguu wake. Mama mkwe nilimpa maziwa yake. Gari la jirani likatupandisha Uru, huko juu mlimani, na tulipofika nyumbani mtoto alikuwa amepata joto. Akaomba chai. Akala. Nikamuuliza alikuwa anaongea na nani.

"Bibi mmoja. Wenzake wanajua wanakokwenda, yeye anasema huko chini hana mtu. Akaniuliza kwetu ni wapi."

"Ukamwambia?"

"Mama, si mtu mzima? Nikamwelekeza."

Sikumgombeza. Ni mimi niliyemfundisha adabu.

Nilisoma jiografia hadi kidato cha nne. Maji hayapandi mlima. Lakini aliyekuwa anamsemesha mwanangu hakuwa maji.

Nimemkataza Wilbert kuziba hata ufa. Mlango wa jikoni naurudishia tu, sifungi komeo. Akija, apite. Na kama ameshafika, maana jikoni kumeanza kuwa na baridi, basi ajue mapema kwamba nyumba hii kila anayekaa anafanya kazi.