Mwanamke Aliyeitwa Kokoto

Mashine ya nambari pale ofisi ya umeme ilikwama asubuhi hiyo, ikatema karatasi mbili zenye nambari moja: themanini na nne. Moja iliangukia mkononi mwa mshonaji wa mapazia, mwanamke wa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni. Nyingine aliishika mwanamume mrefu, shati jeupe, pasi imenyooka hadi kwenye kola.

"Kaka, hiyo nambari ni yangu."

"Na hii je, dada? Tazama mwenyewe. Labda tumeandikiwa kwenda pamoja."

"Umeandikiwa wewe. Mimi nimefuata mita yangu."

"Na hiyo tepu shingoni? Umekuja kuipima foleni?"

Mshonaji akajigusa shingo, akaikuta tepu ya kupimia aliyosahau kuivua, akacheka mpaka mlinzi akageuka.

Mwanamume alikuwa mpima macho katika duka la miwani la mtaa wa pili. Wiki haikuisha kabla hajafika dukani kwa mshonaji kuulizia pazia, ingawa chumba chake kilikuwa na dirisha moja tu. Aliporudi kununua pazia la pili la dirisha lile lile, shangazi wa mshonaji, aliyekuwa akikata kitambaa mezani, alinong'ona, "Huyu hana shida ya mapazia, mwanangu. Ana shida yako."

Siku moja akamwambia kwamba gauni lile la kijani liliifanya foleni nzima isahau umeme, na wakapendana. Miezi saba baadaye, ilikuwa imekwisha kupangwa: Jumapili ya mwisho wa mwezi watu wake mpima macho wangefika nyumbani kujitambulisha.

Penzi lile lilikuwa na kasoro moja tu. Kila Jumamosi, saa nane hadi saa kumi, simu ya mpima macho ilikuwa inatumika. Mshonaji alipouliza, alijibiwa, "Mchezo tu wa mtandaoni, laazizi. Unaongoza timu ya baiskeli. Nikianza kukueleza utasinzia." Akaamini. Wanaume na michezo yao, nani ana muda?

Jumamosi moja alifunga duka mapema, akanunua machungwa, akaenda kumshtukiza. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Kabla hajabisha akasikia:

"Mrembo nimempumzisha wiki nzima. Sikumgusa! Kwenye mawe yule hashikiki."

"Na yule mwembamba wako?" Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye simu, nzito kidogo, yenye kicheko cha mtu aliyezoea.

"Mwembamba nampenda, lakini misukosuko kidogo tu, chali. Huyo ni wa milimani."

Mshonaji aliusukuma mlango kwa mguu. "Nani Mrembo?"

Mpima macho aliruka kitini. Kwenye kompyuta palikuwa na orodha ya waendesha baiskeli wa kuchora, na Mrembo alikuwa mmoja wao: jitu lenye ndevu na mapaja kama magogo. Mshonaji angecheka. Kicheko kilikuwa tayari kimefika kooni. Lakini simu ikauliza, "Kuna nini, Miwani?"

Miwani! Kumbe kuna mtu aliyempa jina.

"Nani huyo?" aliuliza taratibu, na mpima macho akakata simu.

"Ni Kokoto. Ana timu yake. Kabla ya kila mbio tunaandika pamoja uchambuzi, wachezaji wenzetu wasome: nani atashinda, nani atachoka. Jumatano zinaanza mbio za siku tano, na kuna hatua mbili za barabara ya mawe, kwa hiyo..."

"Sijauliza mawe. Nimeuliza mwanamke."

"Sijawahi kumwona hata uso, mpenzi."

"Mmeandikiana muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Kila wiki saa mbili nzima! Mimi ukinipigia dakika kumi, una mteja. Ukikaa na mimi unaongea habari za chakula na hali ya hewa. Yeye unacheka naye hivyo. Nimesikia kwa masikio yangu."

Mpima macho aligeuka kuifunga kompyuta. Na kule kugeuka ndiko kulikomchoma mshonaji kuliko sauti ya yule mwanamke.

"Waambie watu wako wasije," alisema, akaondoka na machungwa yake.

Wivu ukamwingia kama maji kwenye kiatu. Kila hatua anausikia. Alishona pindo likaenda upande. Alikata pazia la sebule ya mteja likawa fupi kwa shubiri nzima. "Unashona au unapigana?" shangazi aliuliza. Simu za mpima macho hakupokea. Jumanne akapata ujumbe: *Nimemwambia Kokoto sitaandika naye tena. Basi, kipenzi, nisamehe.*

Badala ya kupoa, akawaka upya. "Kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kuacha!" aliiambia simu.

Jioni ile ile alijiandikisha kwenye mchezo. Akajiita Sindano. Alitaka jambo moja tu: kumshinda Kokoto mbele ya watu. Akachagua waendeshaji wepesi watupu, wale walioandikwa *hodari wa milima*, akaona mambo tayari.

Jumatano asubuhi uchambuzi ulitoka. Kokoto alikuwa ameuandika peke yake. Mshonaji aliusoma amesimama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi.

*Hatua ya kwanza tambarare, wenye kasi wajilie. Ya pili ina vilima vifupi, msidanganyike navyo. Shughuli ni ya tatu: sehemu kumi na moja za mawe, na mvua imetabiriwa. Mawe yakilowa hayamjui bingwa. Hapo anatakiwa mzito, mvumilivu, anayekaa mbele tangu mwanzo, maana akianguka mmoja barabara nzima inafungwa. Ya nne kila mtu anakimbia peke yake, akishindana na saa. Ya tano mawe tena, na atakayekuwa na miguu bado ndiye mshindi. Mrembo wa timu ya Miwani nampa nyota tano. Sindano: timu mpya, wepesi watupu. Meneja huyu ama hajui, ama ana hasira.*

Alijua kuandika, mwanamke yule. Jambo hilo nalo likamuudhi.

Mchana ujumbe ukaingia ndani ya mchezo. *Sindano, wewe ndiye mshonaji? Kama ndiwe, nipigie,* na nambari ya simu chini yake.

Mshonaji aliingia chumba cha nyuma, katikati ya marobota ya vitambaa, akapiga. Nyuma ya sauti ile alisikia malori yakinguruma.

"Umenijuaje?"

"Sindano, na umejiandikisha jana! Miwani ameongea habari zako mpaka najua rangi ya cherehani yako. Mimi ni karani wa mizani, dada yangu, kwenye machimbo ya kokoto. Napima malori kutwa. Yakikatika kidogo, nafungua mchezo."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Nikwambie kitu ambacho yeye hakijui." Lori likapita, Kokoto akasubiri lipite. "Hajanitamkia neno la mapenzi hata siku moja. Kila Jumamosi nusu ya maongezi ilikuwa wewe. Akwambieje, akupeleke wapi, anaogopa ukimwona hana la maana utamchoka. Nikawa namfundisha cha kukwambia. Yale maneno kuhusu gauni lako la kijani yalikuwa yangu."

Mshonaji akakaa juu ya robota.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu hukukosea, dada. Nilimpenda. Tangu mwaka wa kwanza. Sikumwambia, na sitamwambia. Uliposikia kile kicheko, ulisikia sawasawa. Ila kilikuwa changu peke yangu. Usimpige yeye kwa kosa langu."

Mshonaji alitafuta tusi aliloliandaa siku nne, hakuliona. Alichokiona ni mwanamke kwenye kibanda cha mizani, vumbi mpaka kwenye kope, akimtafutia mwanamume maneno ya kumwambia mwingine.

"Pole," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Ahsante. Na uwatoe wale wepesi kabla ya hatua ya tatu. Utaumbuka."

Hakuwatoa. Ukaidi nao ni ugonjwa. Ijumaa mawe ya kuchora yalilowa mvua ya kuchora, na wepesi wake wakaanguka mmoja mmoja kama vifungo vya shati kuukuu. Alitafuta timu ya Kokoto ili aone imefika wapi. Haikuwepo. Ilikuwa imejitoa asubuhi, na jina lake limefutwa.

Jumamosi saa nane mchana aliingia duka la miwani. Mpima macho alikuwa peke yake, shati halina pasi, macho mekundu.

"Umekuja kupimwa?"

"Nimekuja kusema. Sindano ni mimi. Nilijiandikisha nimshinde Kokoto."

"Wewe?" Tabasamu likamponyoka. "Wewe ndiye uliyepeleka wapanda milima kwenye mawe?"

"Nicheke tu. Lakini cheka na mimi kama unavyocheka na wengine. Sitaki mwanamume anayeniletea maneno mazuri tu. Niletee hata ya kijinga."

Mpima macho akaweka chini kitambaa cha kufutia vioo. "Ya kijinga ni haya: nakuogopa. Nakupenda na nakuogopa. Na nataka nikuoe nikiwa bado naogopa."

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Kwangu. Yanasikika kama ya mtu mwingine?"

"Hapana," alisema mshonaji, akacheka huku anafuta machozi. "Ni mabaya mno. Waambie watu wako waje."

Mpima macho akamkumbatia pale pale mbele ya safu za miwani. Kisha, juu ya bega lake, akasema polepole, "Kokoto ameondoka. Hakuaga. Miaka mitatu. Unajua ni kwa nini?"

Wivu wa mshonaji ukaamka tena. Ukamchoma palepale pa siku zote. Angeweza kusema hajui.

"Najua," alisema. "Ila si langu la kusema."

Mpima macho akamtazama usoni, na kidogo kidogo akaelewa kwamba Kokoto alikuwa amempenda. Akageuka dirishani, akatazama barabara, mabega yameshuka, na mshonaji akaushika mkono wake, akamwacha ahuzunike.