Ndovu wa Noti ya Elfu

Noti kumi na nane za elfu moja zilikuwa mezani, na zote zilikuwa bandia. Inspekta Edah Wabwile wa upelelezi wa jinai, Bungoma, aliinua moja kwenye mwanga wa dirisha. Kichwa cha simba kinachopaswa kujitokeza ndani ya karatasi hakikuwepo.

Mwenye noti aliketi mbele yake, amevaa viatu vya kanisani. Aliitwa Wakonyo, mkulima wa Kachibora. Asubuhi hiyo alikuwa amezipeleka kwenye chuo kimoja cha uuguzi mjini ili bintiye, Mary Ann, aandikishwe. Karani akapigia polisi simu.

"Umetoa wapi hizi?"

"Niliuza mahindi, madam. Kwa Wakoli, yule broka wa Kitale."

"Alikupa risiti?"

"Broka gani anapeana risiti?"

"Kuna shahidi?"

"Mungu tu."

"Huyo hatuwezi kumwita kortini, mama."

Mkuu wa kituo alikuwa ameshaamua: mama ashtakiwe kesho saa tatu asubuhi. Noti kumi na nane si bahati mbaya, alisema. Edah alimheshimu mkuu wake, lakini maneno hayo yalimkera. Mtu anayechapisha pesa hazipeleki kwa karani huku amemshika bintiye mkono. Alikuwa na siku moja, na hakukusudia kuipoteza.

Alitoa noti halali kwenye mkoba wake mwenyewe, akachukua lenzi. Upande wa mbele wa ile bandia ulikuwa kazi ya mashine ya fotokopi ya rangi, basi. Nyuma ndiko kulikomshangaza. Mistari ilikuwa imechongwa kwa mkono, mmoja mmoja, kisha ikachapwa. Ndovu wa noti halali walikuwa na pembe ndefu za fahari, kama serikali inavyopenda. Ndovu wa noti bandia walikuwa na mikunjo hadi magotini na macho ya wazee, ila pembe zao zilikuwa fupi na butu.

"Fundi stadi namna hii anakoseaje pembe?" aliuliza.

Konstebo Chemutai aliinama kutazama. "Hajakosea, madam. Hao ni ndovu wa kwetu Endebess. Wanaingia mapango ya Mlima Elgon, wanachimba chumvi kwa pembe. Zinalika zinabaki hivyo."

"Nani kwenu anaweza kuwachora hivi?"

"Mmoja tu. Mzee Kipruto. Anaandika mabango ya maduka. Zamani alikuwa anatembeza wageni huko mapangoni."

Saa kumi jioni walikuwa Endebess. Walimkuta Kipruto akipaka rangi ng'ombe kwenye bango la bucha. Hakuacha kazi.

"Mzee, unamjua Wakoli?"

"Nilimwandikia bango la stoo."

"Na nini kingine?"

"Hiyo tu."

Edah hakubishana naye. Alitandaza noti mbili juu ya benchi, migongo ikiangalia juu.

"Moja imechorwa na mtu asiyejua kazi," alisema, akigusa ile ya pembe fupi. "Tazama alivyoharibu ndovu."

Brashi ilisimama. "Huyo ndiye ndovu wa kweli. Huyo mwingine ni wa kalenda."

"Pembe zimevunjika."

"Zimelika! Nyinyi watu wa mjini hamjui kitu. Mimi nimekaa pangoni nikiwachora mpaka nikamjua kila mmoja kwa masikio yake."

"Kwa hivyo ni kazi yako."

Alirudi kwenye ng'ombe wake. Chemutai alikuwa ameshainua gunia pembeni. Chini yake palikuwa na bamba la zinki, na ndovu wamechongwa wakiangalia kinyume.

"Kuna mama wa Kachibora yuko seli kwa sababu ya hii picha," Edah alisema. "Kesho anasomewa mashtaka. Ukinyamaza, anafungwa."

"Mama gani?" Sauti ilimtoka ndogo. "Wakoli alisema zinaenda mbali, ati ng'ambo ya mpaka."

"Zilifika Kachibora. Sema."

Kipruto aliketi juu ya debe la rangi, akasema yote. Wakoli alimletea kopi ya noti, upande wa nyuma umefifia, akamtaka aurekebishe. Yeye akakataa kurekebisha, akachonga upya kwa wiki saba.

"Kwa nini? Alikulipa zaidi?"

"Hapana. Madam, nilipeleka michoro yangu Nairobi mara mbili, nikiomba kazi ya kuchora noti. Hata barua sikujibiwa. Miaka ishirini na mbili nachora ng'ombe wa bucha, na mtu akiangalia anaona nyama. Nilitaka picha yangu ishikwe na kila mtu. Iangaliwe."

Edah alimwonea huruma, na hakuficha. Kisha akamfunga pingu.

Wakoli alikamatwa Kitale kabla ya kufunga stoo, na vitita vingine vikapatikana chini ya mizani. Alikana kila kitu mpaka alipoonyeshwa lile bamba. "Nilimwambia akopi tu," alisema. "Kiburi cha huyo mzee kimetumaliza."

Kesho yake saa mbili asubuhi Wakonyo alifunguliwa. Magunia yake yalikuwa bado kwenye stoo ya Wakoli, na Edah alimwandikia barua ya kuomba chuo kimshikie Mary Ann nafasi hadi yarudishwe. Kwenye korido, mama na bintiye aliyekuja kumchukua walikutana na Kipruto akipelekwa kortini. Akamwomba konstebo asimame kidogo.

"Mama, hizo noti ulikaa nazo siku ngapi?"

"Nne. Nilifunga kwa leso, nikalala nazo."

"Na hao ndovu, uliwaona?"

Wakonyo alimtazama huyu mtu asiyemjua, mwenye rangi kwenye kucha.

"Ndovu gani?" aliuliza. Kisha akamshika bintiye mkono, wakaelekea chuoni na barua yao.