Abiria wa Shati la Mikono Mifupi

Januari ya mwaka 2010 baridi ilikuwa kali kiasi kwamba mtu akishuka treni stesheni kuu ya Stockholm, kivuli chake kilikataa kushuka, kikabaki ndani kinaota hita. Anayebisha hakuwepo. Theluji ilikuwa imekwamisha treni za vitongojini, na ukumbi ulijaa makoti yaliyolowa, harufu ya kahawa na mikate ya mdalasini. Katikati ya msongamano huo, mwanamke mwenye koti jekundu na kilemba cha kitenge cha kijani alikuwa anaigombeza simu yake.

"Sasa weye, nimekuchaji tangu asubuhi, halafu unazima? Huna hata aibu?"

"Hiyo ni simu ya Uswidi, dada," ikajibu sauti nyuma yake. "Haipokei ugomvi wa mtu asiye na miadi."

Concessa akageuka. Alimwona mwanamume mrefu, skafu ya manjano shingoni, viatu vinang'aa kana kwamba theluji ilikuwa imekatazwa kuvigusa. Huyo alikuwa Vedasto, mzaliwa wa Bukoba, fundi umeme aliyeishi Sundbyberg.

"Na weye nani kakupa miadi ya kuongea na miye?"

"Nimepewa sasa hivi. Wamesema nisipoitumia nitarudi nyuma ya foleni."

Concessa, Mrundi aliyepika katika jiko la shule moja kule Tumba, alikuwa hajacheka mbele ya mwanamume kwa miaka mingi. Akacheka mpaka kilemba kikalegea. Treni ya Tumba ilipotangazwa, wakajikuta wameshapeana namba.

Tangu hapo simu zao hazikupoa.

"Umelala, kipenzi?"

"Nimelala. Anayeongea ni mwingine."

"Basi mwambie huyo mwingine nampenda."

"Anasema muongo weye!"

Lakini kila Vedasto alipoanza habari za ndoa, Concessa alisikika akinong'ona pembeni ya simu: "Zénon, ngoja kidogo." Vedasto alijua kuwa Zénon lilikuwa jina la mumewe, aliyeuawa Bujumbura wakati wa vita. Aliambiwa hivyo wiki ya kwanza. Sasa mtu aliyekufa anaambiwaje angoje? Wivu ukamwingia, ukavua viatu, ukakaa.

Desemba Concessa akapiga mwenyewe. "Ijumaa nakwenda Gällivare, kaskazini kabisa, kwa treni. Usinipigie mpaka nirudi."

"Unakwenda na nani?"

"Na mwenyewe," akasema, akakata.

Ijumaa hiyo Vedasto naye akakata tiketi. Treni ilikwishapita Uppsala alipoanza kukagua mabehewa, na misitu ilikuwa imefungana nje ya madirisha, myeusi juu, myeupe chini. Njia nzima alikuwa anapanga matusi: madogo mwanzoni, makubwa mwishoni. Akafungua mlango wa chumba cha Concessa.

Naam. Mbele ya Concessa palikuwa na mwanamume mwembamba, anatazama nje. Amevaa shati la mikono mifupi na kandambili, Desemba, Uswidi! Mikono yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Mle chumbani mlikuwa na baridi kuliko nje, na kioo cha dirisha kilikuwa kimeganda barafu upande wa ndani.

Matusi yote yakamkimbia Vedasto. Malezi yakatangulia wivu.

"Habari za safari, kaka," akasema, akavua koti lake la sufu, akamfunika mabegani. Yule mtu akaitikia kwa kichwa, hakugeuka.

Concessa alikuwa amejishika mdomo. "Unamwona?"

"Nitaachaje kumwona na amekaa na mpenzi wangu? Lakini tuyaache hayo. Bwana huyu atakufa kwa baridi."

"Alishakufa, Vedasto."

Kabla Vedasto hajajua kama atoke au aanguke, kondakta akaingia. Concessa akampa tiketi mbili. Kondakta akamtazama mwenye shati, akatoboa zote mbili, kisha akamgeukia Vedasto. "Bwana huyu na bibi wana tiketi zao. Ya kwako iko wapi?" Vedasto akaitoa. "Hii ni ya behewa la nyuma. Usiwabane wenzako."

Kondakta alipotoka, Concessa alieleza huku machozi yanamdondoka. Kwao msiba una siku ya kuufunga. Ndugu wa marehemu hukusanyika, watu hula na kunywa, na mkubwa wa ukoo humruhusu mjane arudi katika maisha. Yeye alikimbia vita kabla ya siku hiyo. Ukoo wa Zénon ukamalizika wote isipokuwa dada yake, Fébronie, aliyepewa makazi Gällivare. Kila alipoombwa, Fébronie alikataa.

"Sasa amekubali. Lakini sina hakika. Na nisipofunguliwa, miye bado ni mke wa mtu. Siwezi kukujibu."

"Na tiketi ya pili?"

"Nitakwendaje kwenye matanga ya mtu, mwenyewe nimemwacha Tumba?"

Vedasto alifikiri. "Kwetu matanga huanuliwa wakiisha kula," akasema taratibu. "Sikujua kuna ambayo hubaki wazi namna hii." Akarudi behewa la nyuma, akitetemeka ndani ya sweta, na wivu haukumfuata.

Wote watatu waliwasili saa sita mchana, na saa sita huko ni bluu tupu, kama ndani ya chupa ya dawa. Nyumbani kwa Fébronie palikuwa na maharage, ndizi, kreti za bia, Warundi wawili wa jirani na Mswidi mmoja aliyefuata harufu. Zénon alisimama karibu na dirisha. Hakuna aliyemtaja.

Walipokwisha kula, Fébronie akasimama na glasi, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kanisa.

"Siwezi, wifi," akasema. "Nikikufungua weye, utaondoka. Kaka yangu naye ataondoka. Miye nitabaki wa nani?"

Concessa akainamisha kichwa. Vedasto ndiye aliyepiga magoti kwenye zulia.

"Dada Fébronie, mimi posa yangu sina pa kuipeleka. Concessa hana baba, hana shangazi. Naileta kwako. Wewe ndiye utanikatalia, wewe ndiye utanitoza mahari."

"Mke wa kaka yangu, nimpokelee posa miye?"

"Nani mwingine anamjua kuliko wewe?"

Fébronie alimtazama sana. "Ng'ombe hakuna huku," akasema, sauti imeanza kupasuka. "Utaleta wale kulungu wa huku, wenye pembe kama matawi. Na wawe wanono!" Kisha akageukia dirisha, akamwaga bia kidogo sakafuni. "Zénon, mwana wa mama, nenda ukapumzike. Concessa, msiba umekwisha."

Hita za nyumba zikagonga, joto likapanda. "Zénon?" Concessa akaita. Dirishani hapakuwa na mtu. Akaangua kilio ambacho hakuwahi kukilia Bujumbura, na Fébronie akamkumbatia.

Baada ya muda mrefu Vedasto akauliza kwa upole, "Na mimi, mpenzi?"

"Niulize kesho, jua likitoka. Leo niache niwe mjane."

Fébronie akajifuta macho. "Shemeji, huku jua halitoki mpaka Januari."

"Basi nitauliza Januari," akasema Vedasto, akakunja mikono ya sweta, akaenda kuosha vyombo.