Njoo Kesho

Soko la nguo lilikuwa limefurika watu binti mmoja alipoingia, blauzi ya samawati imemkaa vizuri mabegani, nywele amezifunga juu. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo cha ualimu, na tayari alishapata kazi katika shule ya msingi ng'ambo, kwenye nchi ya baridi. Alihitaji koti. Akasimama kwa fundi mmoja kijana, mrefu, futi ya kupimia shingoni.

"Nyoosha mikono, Mwalimu."

"Nani kakwambia mimi mwalimu?"

"Umesimama kidogo tu, wateja wangu wote wamenyamaza."

Akacheka. Fundi akaupima mkono uleule mara mbili.

Koti likawa la njoo kesho, njoo kesho. Kila jioni alipita kuliulizia, wakaishia kunywa soda kwenye benchi na kutaniana. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakula saa ngapi, na wewe hukati simu?"

Siku moja hakumkuta. Dada yake Fundi akamtolea koti la kijivu, limeshapigwa pasi.

"Mbona hili liliisha zamani, wifi!"

Mwalimu akalichukua, akaondoka. Kumbe alitaka nikwame, aliwaza. Tangu hapo hakupokea simu.

"Simu inalia, mwanangu," mama yake alisema.

"Iache ilie."

Ililia siku kadhaa. Mwishowe akapokea. "Ulitaka nikose safari?"

"Hapana, mpenzi. Nilitaka uje tu. Ningekupa koti, ungerudi kufuata nini?"

Mwalimu akaketi kitandani, katikati ya nguo alizokuwa akizipanga. Hasira ikamtoka taratibu.

"Si ungeniambia?"

"Niseme nini, na wewe unaondoka? Niliogopa kukurudisha nyuma."

"Mkataba ni wa miaka miwili, sihami dunia. Jumapili njoo umsalimie mama."

Jumapili Fundi alifika na shati jeupe lililonyooka. Nyuma yake walikuwa shangazi yake na baba yake mdogo, wamependeza kama wanakwenda harusini. Mama akawakaribisha, kisha akamvuta binti yake jikoni.

"Ulisema anakuja kusalimia."

"Ndivyo nilivyomwambia, mama."

"Mtu haji kusalimia na shangazi! Haya, niwajibu nini?"

Mwalimu akachungulia sebuleni. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Waambie naondoka," akasema, machozi yakimlengalenga. "Halafu waambie ndiyo."