Kabla Dirisha Halijafungwa

Jumamosi ya kuamkia Pasaka hakuna mtu wa Buffalo mwenye akili timamu anayekwenda soko la Broadway bila kujiandaa kusukumwa. Watu walibanana tangu mlangoni, soseji zikinukia, figili kali ikisagwa papo hapo na kuwatoa wazee machozi, na foleni ya siagi zilizofinyangwa kwa umbo la mwanakondoo ilijizungusha hadi kwa wauza maua. Anselmo Peguero, mdakaji wa timu ya besiboli ya Mabaharia, alikuwa ameshusha kofia hadi kwenye nyusi asitambuliwe. Alipofika mbele alimkuta kondoo mmoja tu amebaki, mwenye utepe mwekundu shingoni. Akamchukua, na papo hapo mkono wenye glavu ya kijani ukamshika kondoo yule upande wa pili.

Mwenye mkono alikuwa mwanamke mrefu, amevaa koti la sufi rangi ya zambarau, nywele za manjano amezikusanya ovyo na kuzichomeka kalamu, midomo imekolea wekundu.

"Huyo ni wangu," mwanamke alisema. "Nikirudi bila yeye mama hanifungulii mlango."

"Nimemshika kwanza, bibie."

Yule mwanamke akainama kidogo, akamchungulia chini ya kofia, kisha akacheka. "Kumbe ni wewe, Peguero. Mimi ndiye ninayesema kila siku kwamba uuzwe."

Anselmo alikuwa ameshaijua sauti kabla ya kuijua sura. Mji mzima uliijua. Danuta Wrobel alikuwa na kipindi cha mchana redioni, cha kupokea simu za mashabiki, na mwaka ule aliimba wimbo mmoja tu: Mabaharia ni timu inayojijenga upya, basi ijijenge kweli. Iwauze wakongwe wote wenye soko, ichukue vijana, ivumilie vipigo kwa miaka michache, halafu ije kudai kombe ikiwa na nguvu. Kuwang'ang'ania wazee ili kumaliza ligi katika nafasi ya nne, alisema, ni kula mbegu ya kupandia.

"Basi nichukue mimi, uniachie kondoo," Anselmo alimwambia.

"Wewe? Miaka thelathini na sita, na ukitembea unachechemea. Nikakufuge wapi?"

Watu wa nyuma walianza kunung'unika. Anselmo akamwachia siagi, akadai namba ya simu kuwa ndiyo fidia yake, na Danuta akachomoa kalamu nywelini akamwandikia kiganjani. Nywele zikamwagika mabegani. Kuanzia hapo mdakaji wetu hakuwa na habari na Pasaka wala kondoo.

Walipendana kwa kificho, maana redio ingemfukuza Danuta siku ileile kama ingejulikana kwamba analala na mchezaji anayemjadili. Ijumaa walikwenda Lackawanna kula samaki wa kukaanga katika baa moja ambayo wateja wake walikuwa wamechoshwa mno na kazi hata wasimtazame mtu usoni. Jumapili timu ikiwa nyumbani, Anselmo alimpikia ndizi za kuponda na salami ya kukaanga kama anavyopika mama yake huko kwao San Pedro de Macorís, visiwani Karibi, naye Danuta alikula amevaa shati la Anselmo, miguu ameiweka juu ya kiti kingine, akiendelea kumweleza kwa nini auzwe.

Mei, Anselmo alianza kupiga simu kwenye kipindi. Alijiita Mzee Zbigniew, Mpolandi wa Cheektowaga, akakwaruza sauti, na akawatetea wakongwe kwa moyo wote. Alisema shabiki hulipia tiketi ya leo, si ya mwaka wa kesho kutwa. Alisema hao vijana wanaosifiwa ni sawa na kumnunulia viatu mtoto ambaye hajatungwa mimba. Alisema kuna wajane wanaosubiri kombe tangu waume zao wakiwa hai, na hawana miaka mitano ya kusubiri tena.

"Mzee Zbigniew," Danuta alimjibu hewani, na Anselmo alimsikia akizuia kicheko, "mbona Kipolandi chako kina harufu ya karafuu ya Karibi?"

"Nililelewa na yaya, mwanangu."

"Basi mwambie yaya huyo kwamba mzee akipitwa na soko hupikwa supu."

Mji ulimpenda sana Mzee Zbigniew. Kilichokuwa kigumu ni kwamba ilipofika Juni Mabaharia walianza kushinda, na mabishano yakaacha kuwa mzaha. Walikuwa nyuma kidogo tu ya nafasi ya kuingia mtoano. Ndugu walinuniana kwenye sherehe za ubatizo. Nusu walitaka wakongwe wabaki timu ipambane sasa hivi, nusu walisema huo ni ulevi wa wiki tatu na asubuhi itafika. Danuta hakuyumba. Kila mchana aliuza wakongwe, na kila jioni alimkanda mmoja wao mgongo.

Goti lilikuja kujulikana jikoni. Anselmo alichuchumaa kutoa sahani kwenye oveni, akashindwa kuinuka. Mdakaji anachuchumaa maisha yake yote nyuma ya mpigaji, na goti la kulia lilikuwa limevimba likajaa maji. Hakuwa amemwambia daktari wa timu wala kocha. Danuta ndiye aliyemwendesha hadi Rochester kwa daktari wa pembeni, akamshika mkono wakati sindano ikivuta yale maji ya manjano, na baada ya majuma mawili akampeleka tena. Wakiwa njiani kurudi Anselmo alimwomba jambo moja.

"Nimekuambia wewe. Sijamwambia mtangazaji."

"Mtangazaji tumemwacha kazini, kipenzi," Danuta alisema. "Humu ndani ya gari niko mimi."

Anselmo aliamini. Angeacha vipi kuamini, na mwanamke mwenyewe ana mfuko wa barafu mapajani, anamwekea gotini kila wakisimama kwenye taa.

Mwezi wa Julai ukaenda ukingoni. Dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa linafungwa siku ya mwisho, jioni, na Portland, waliokuwa wakiongoza ligi, mdakaji wao akavunjika kidole. Wakamtaka Anselmo, na walikuwa tayari kutoa vijana wawili wazuri. Lakini ligi ina sheria yake: mchezaji aliyetumikia ligi kuu miaka kumi, mitano ya mwisho akiwa na timu hiyohiyo, hauzwi pasipo ridhaa yake. Anselmo alikuwa na miaka hiyo na zaidi. Bila neno lake biashara haifanyiki.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kucheza fainali hata moja. Alikuwa amezitazama kwenye televisheni, mguu juu ya mto, wenzake aliowafundisha kazi wakimwagiana shampeni. Ostrander, meneja wa timu, alipomwita ofisini na kumuuliza, Anselmo hakuomba hata usiku wa kufikiria. Alikubali. Usiku ule alimpigia mama yake, akamwambia kwamba anakwenda Portland kwa miezi miwili na ushei, fainali ikiisha anatundika glavu, anarudi Buffalo moja kwa moja kuishi na mwanamke mmoja mwenye maneno mengi. Mama alimuuliza kama huko kuna theluji. Alipoambiwa ipo ya kufika kiunoni, alicheka, halafu akalia.

Lakini Anselmo hakumwambia Danuta. Alitaka kila kitu kiwe tayari kwanza, amkalishe kitako, ampe habari mbaya na nzuri kwa pamoja. Kosa lake lilikuwa hapo, na kila aliyewahi kupenda analijua.

Siku ya mwisho Mabaharia walicheza nyumbani mchana, jua likiwaka ziwani na uwanja umefurika. Katika mzunguko wa tano kocha alimtoa Anselmo. Hakuwa ameumia wala hakuwa amekosea, na kwenye besiboli mkongwe akitolewa hivyo siku kama hiyo hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba ameuzwa. Wachezaji waliinuka benchi, wakaanza kumkumbatia mmoja mmoja. Mashabiki wakaliona hilo, wakasimama jukwaa baada ya jukwaa, wakaimba jina lake, hata wale waliokuwa wakipiga simu redioni kutaka auzwe. Anselmo aliwapungia kofia, akalia mbele za watu bila kujificha, akaingia kwenye ujia wa vyumbani akiwa na glavu kwapani.

Ostrander alimkuta akivua viatu. "Rudisha mizigo yako, Anselmo. Portland wamejitoa."

"Wamejitoaje? Nimeshaagana na watu."

"Wanasema goti lako limekufa. Limetangazwa redioni leo mchana." Akamwekea ile sauti kwenye simu. Sauti ya Danuta ilikuwa tulivu, haina mzaha hata chembe. Ilisema goti la kulia la Peguero limetolewa maji mara mbili kwa siri, huko Rochester, na anayemnunua ananunua majuma matatu ya mchezaji.

"Huyu mwanamke kayapata wapi haya?" Ostrander aliuliza. "Mimi mwenyewe sikuyajua."

"Sijui," Anselmo alisema. Alisikia aibu kwamba hata wakati ule alikuwa anamkinga.

Alikwenda nyumbani kwa Danuta na suruali ya mchezo mwilini, vumbi magotini. Danuta alifungua kabla hajagonga. Macho yalikuwa mekundu, uso hauna rangi ya mapambo hata kidogo, na amevaa lile shati la Anselmo. Anselmo alibaki nje.

"Mtangazaji yuko wapi? Nina maneno naye."

"Ulikubali tangu Jumanne," Danuta alisema. "Nimelala kifuani kwako Jumanne, na Jumatano. Ulitaka niambiwe na nani?"

"Na mimi. Leo hii, mchezo ukiisha."

"Nimeambiwa na karani wa Ostrander. Kanipigia simu kunipongeza. Eti hatimaye nimeshinda, mzee anauzwa."

"Si ndivyo ulivyotaka? Tangu Pasaka unapiga kelele niuzwe."

"Nilitaka timu iwauze wakongwe, na hata sasa nasema ingewauza. Lakini wewe sikutaka uondoke. Najua hayaingiani, usinieleze." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilijua wakisikia habari za goti hawatakuchukua."

Njiani Anselmo alikuwa ameomba asikie jambo lingine. Alikuwa ameomba aambiwe kwamba bosi wake alimbana, kwamba habari ni habari na mkate ni mkate. Hilo angelikasirikia mwaka mzima kisha likapita.

"Ungefanya kwa ajili ya kazi ningekusamehe," alimwambia. "Mtu hula anapofanya kazi. Wewe umenivunja mguu ili nisitoke nyumbani, halafu unaniambia ni mapenzi."

"Na wewe ulikuwa unawauzia Portland goti bovu."

"Kweli. Hilo lingekuwa langu na Portland. Goti nililokupa wewe sikukuuzia."

Ndipo Anselmo akamwambia habari ya miezi miwili, na kutundika glavu, na alivyomwambia mama yake kuhusu theluji. Alimwambia taratibu, bila kupaza sauti, na alikusudia iume. Danuta alikaa pale pale kizingitini, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Anselmo alimtazama kidogo, moyo ukamvuta amwinue, akageuka akashuka ngazi.

Buffalo ilimsifu sana Danuta kwa kupata habari ambayo hakuna mwandishi mwingine aliyeipata. Anselmo aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi. Mabaharia hawakumuuza mkongwe, hawakupata vijana, na bila mdakaji wao hawakuweza kupambana pia, wakamaliza nafasi ya nne. Danuta alipiga simu Agosti yote. Haikupokewa. Septemba Anselmo alirudi kwa mama yake.

Fainali ya Oktoba aliitazama sebuleni San Pedro, feni ikizunguka, majirani wamejaa hadi mlangoni na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Portland walikuwa wanaongoza, na nyuma ya mpigaji alichuchumaa mdakaji waliyemwokota kwenye timu ya mwisho wa ligi, mtu ambaye Anselmo alimzidi kwa kila kitu isipokuwa goti. Simu ikalia. Alilitazama jina, akaenda nayo jikoni, akaketi.

Hakuna aliyesalimia. Kwa upande wa pili alisikia televisheni ileile, mtangazaji yuleyule, imechelewa kidogo kuliko ya kwao. Walisikiliza hivyo mpaka mpira wa mwisho, mpaka kelele za Portland zikalipuka sebuleni kwa mama yake kwanza, kisha Buffalo.

"Ulipaswa kuwa pale," Danuta alisema. Alikuwa analia.

"Ndiyo."

"Nimeacha redio, Anselmo. Sikuambii unisamehe. Naomba tu nije nikuone. Hata siku moja."

Angeweza kukata. Badala yake aliona alivyoikosa sauti hiyo miezi yote, akili yake kali, miguu yake juu ya kiti, na hasira aliyoitunza ikawa nzito kuibeba peke yake. Alimpenda bado, hakukuwa na dawa ya hilo.

"Njoo Desemba," alisema. "Mama anataka kukuona. Atakupikia ndizi zenyewe, si zile zangu."

Danuta alicheka na kulia kwa pamoja. Alimwambia atakuja hata kesho, kwamba ameshachungulia ndege, kwamba haamini. Waliongea kidogo kuhusu joto, na kuhusu mama wa Danuta, na maongezi yakawa laini kama ya zamani. Kisha Danuta akauliza, kwa sauti ileile ya ndani ya gari.

"Na goti, kipenzi? Bado linauma?"

Mguu wa Anselmo ulikuwa juu ya kigoda, umevimba toka asubuhi, na mama yake, aliyemfuata jikoni, alikuwa ameinama anafunga taulo yenye barafu.

"Haliumi," alisema, akamwashiria mama aongeze barafu.