Kelele za Geofrey, Mzaha wa Chausiku

Kila Jumatano darasa la sita huhudumia bustani ya kabichi ya shule. Kijiji chao kiko juu katika Milima ya Uluguru, na maji ya kijito huko ni baridi hata mchana. Ndiyo maana Chausiku hateki maji, yeye hupalilia. Ana ugonjwa wa selimundu, unaofanya chembe za damu zijikunje kama mundu na kukwama mwilini. Zikikwama, mifupa huuma vibaya, na baridi huzidisha mambo.

Jumatano hiyo mvua ya asubuhi iliwalowesha wote njiani. Walipokuwa bustanini, Geofrey akajikata kidole cha mguu kwa jembe. Lo! Alipiga ukelele hadi kuku wa mwalimu mkuu wakatawanyika.

"Nakufa jamani! Mwambieni mama nakufa!"

"Kwa kidole?" Chausiku aliuliza. "Basi kaburi lako litatosha kwenye kiberiti."

Watoto waliangua kicheko. Mwalimu Agustino akawaagiza Chausiku na rafiki yake Irene wampeleke Geofrey zahanati, ng'ambo ya barabara.

Zahanati ilikuwa na kitanda kimoja tu cha wagonjwa, na Geofrey alikipanda bila kukaribishwa. Nesi Maimuna alimsafisha kidonda huku Geofrey akipiga mayowe. Chausiku alikaa kwenye benchi mlangoni, akatoa kichekesho juu ya kichekesho, mpaka bibi mmoja aliyekuja na kikohozi akashika mbavu.

Irene hakucheka. Amekaa dawati moja na Chausiku tangu darasa la kwanza, na anajua kwamba mzaha wa rafiki yake huzidi mwili unapomuuma. Tena Chausiku alikuwa amejikandamiza paja kwa mikono miwili, na jasho linamtoka.

"Unaumwa," Irene alimnong'oneza.

"Nani, mimi? Mgonjwa si yule anayeimba kule ndani?"

"Mwambie nesi."

"Usiseme, Irene. Mama akisikia atalia siku nzima. Mimi nimeshazoea."

Irene aliingiwa na hofu. Mwaka jana Chausiku alificha hivi hivi, akaishia kulazwa hospitali mjini, hoi. Afadhali rafiki anune kuliko yarudi yale. Akasimama.

"Samahani, nesi. Chausiku anaumwa."

"Huyu anayetuchekesha?" Nesi alishangaa, lakini alikuja na kuinama mbele yake. "Mwanangu, moja ni maumivu kidogo, kumi ni yasiyovumilika. Yako ni ngapi?"

Chausiku alitazama sakafu. "Nane."

"Yangu kumi na mbili!" Geofrey alidakia. Kisha akauona uso wa Chausiku, ambao sasa haukuwa na mzaha hata chembe. Alishuka kitandani kwa mguu mmoja. "Njoo ulale wewe," alisema.

Nesi alimpa Chausiku dawa ya maumivu na maji mengi ya kunywa, akamfunika blanketi, akampigia mama yake simu. Mama alifika akihema. Kufikia alasiri maumivu yalikuwa yamepungua, na Chausiku alikuwa ameanza kumwita Irene mmbea.

"Mmbea wako kakusaidia," nesi alisema. "Geofrey, wewe kulia si kosa, kidole kinauma kweli. Mtoto mwenye afya akiumia hulia, kesho kasahau. Ila anayeumwa mara kwa mara hujifunza kucheka, kucheza, hata kusinzia, huku anateseka. Kwa hiyo msipime maumivu kwa kelele. Muulizeni mwenzenu, na akiwajibu mwaminini. Nawe Chausiku, mficha maradhi kifo humuumbua. Sema mapema."

"Sikutaka mama alie," Chausiku alisema.

Mama yake aliketi ukingoni mwa kitanda. "Machozi yangu nitayafuta mwenyewe, mwanangu. Wewe niambie tu."

Chausiku alifungua mdomo kutania, akaghairi.

"Bado unauma, mama. Mguu huu hapa."

Mama akauchukua ule mguu, akaupakata, akaanza kuukanda taratibu.