Nyota Inayokula Wakwe

"Alamu, baba amefariki. Alfajiri hii."

Seshadri alikuwa analia kwenye simu. Alamelu akampa mpenzi wake pole, tena pole nyingi, lakini moyoni, Mungu amsamehe, alifurahi.

Mji mzima wa Kumbakonam uliijua nuksi yake. Alizaliwa mwezi ukiwa kwenye nyota ya Mula, na msichana wa Mula, wanasema, akiolewa tu baba mkwe hamalizi mwaka.

"Mzee hataki hata kusikia jina lako," Seshadri alimwambia miaka minne iliyopita. "Nisubiri. Siku akitangulia, nyota yako haitakuwa na wa kumla."

Akasubiri. Wachumba walikuja, wakarudi na nazi zao za posa. Baba yake, Vasudevan, mfundishaji wa aya za kale hekaluni na mtunga kalenda wa mji, alisema mpaka akachoka.

"Mwanangu, wahenga waliitaja Mula ili wajue mwezi umelala wapi na sadaka itolewe lini. Ni hesabu tu. Aya ya nyota kula wakwe mimi sijaiona."

"Kamwambie mzee wao, Appa."

Siku ya msiba ukoo mzima wa marehemu ulioga na nguo mwilini, kama desturi ilivyo, wakwe nao pia. Vasudevan akamtazama binti yake.

"Wewe huogi?"

"Nioge kwa lipi? Si mkwe wangu yule. Alinikataa."

Ujumbe wa Seshadri ukaingia: "Tumalize mwaka wa matanga, mpenzi. Kisha ni wewe na mimi."

Mwaka ukaisha. Asubuhi moja mama yake Seshadri akabisha hodi. Alamelu akachomeka asumini kwenye nywele mbiombio, akafungua mlango huku anacheka peke yake.

"Karibu, Mami! Nikuletee kahawa?"

"Asante, mwanangu. Baba yupo? Nataka anitafutie saa njema ya ndoa ya Seshu."

"Saa ya... ndoa?"

"Na binti mmoja wa Thanjavur. Naye ni wa Mula, lakini kwetu kuna baba gani tena wa kuliwa?" Mama akajifuta macho. "Ingawa marehemu hizo habari za nyota hakuzijali. Wewe alikutaka sana."

"Alinitaka mimi?"

"Unaniuliza mimi tena? Tulishajiandaa kuja kukuposa, Seshu akatuzuia. Akasema umemkataa kwa mdomo wako, eti si wa hadhi yako. Mzee alisononeka! Mpaka anaugua alikuwa anasema, yule mtoto wa Vasudevan angekuwa ananisomea aya za kale."

Alamelu hakuleta kahawa. Aliingia chumbani akapiga simu.

"Mama yako yuko hapa, Seshu. Baba yako hakunikataa."

Akamsikia anafunga mlango upande wa pili.

"Sema!"

"Sikuwa na uhakika na wewe, Alamu. Na sikutaka uondoke."

"Kwa hiyo ubaya wako ukambebesha baba yako."

"Nisikilize kwanza..."

"Nilifurahi alipokufa! Unanisikia? Mtu aliyenipenda hata bila kuniona nyumbani kwake, nikafurahi amekufa!"

Akakata. Kisha akaandika: "Siku ya ndoa utamwonyesha bibi harusi nyota ya Arundhati, nyota ya uaminifu, mchana wa jua la utosi, naye atajibu anaiona, kama wanavyojibu wote. Mwache azoee. Mimi nilikuwa naona usichokuwa nacho miaka yote hii."

Akatoka uani, akateka maji kisimani, akajimwagia, akateka tena. Sari ikamganda mwilini. Asumini zikaanguka moja moja kwenye tope.

Vasudevan akarudi kutoka darasani, akasimama na mwavuli wake.

"We mtoto, unaoga na nguo? Nani kafa?"

"Baba mkwe wangu, Appa."